Jicho Pana la Mama Sweta

Mama Sweta hakuwa mtu wa maneno mengi mpaka umguse pabaya. Ukimgusa pabaya, jitafutie pa kujificha, kwa sababu mwanamke yule akifungua kinywa hafungi mpaka amalize, na akishamaliza ni wewe unayebaki kuokota vipande. Jina la Mama Sweta alipewa na watoto wa shule anaowafumia sweta za sare, likamganda. Hata mume wake, mpaka anaingia kaburini, alikuwa akimwita hivyohivyo.

Siku hiyo aliyemgusa pabaya alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Na hakumgusia barabarani wala sokoni. Alimgusia sebuleni kwake mwenyewe, amekalia kiti cha marehemu, amekunja nne, chai ya mwenye nyumba mkononi. Ujasiri wa aina hiyo utauona kwa mashemeji tu.

"Shemeji, hii darubini naona tuiondoe hapa," alisema. "Inakula nafasi, na wewe huna kazi nayo."

Darubini yenyewe ilikuwa imesimama kona, katikati ya mashine ya kufumia na magunia ya nyuzi. Lilikuwa bomba fupi, nene, lenye kioo kikubwa cha mviringo chini yake, limewekwa kwenye kasha la mbao linalozunguka. Marehemu aliunda kila kitu kwa mkono wake. Kioo kile alikisugulia jikoni, jioni baada ya jioni, mpaka Mama Sweta akawa anapika huku akiizunguka meza kama mgeni. Na bomba alilifanya fupi makusudi, si kwa uhaba wa mbao. Darubini ndefu inakuonyesha kipande kidogo cha anga kilichokuzwa sana. Fupi inakuonyesha uwanja mpana, na marehemu alitaka uwanja.

Kilichopungua ni jicho. Watu wa chama cha watazama nyota huita hivyo kile kikopo kidogo chenye vioo kinachochomekwa kwenye darubini, pale unapoweka uso wako. Yakiwa mengi huyaita majicho, yasichanganywe na macho ya watu. Bila jicho, darubini ni bomba tu. Marehemu alikuwa akitumia jicho la chama, la kukuza sana, maana chama hakikuwa na jingine la maana. Jicho pana alilokuwa akilitaka alilisubiri mpaka akafa. Alipofariki, chama kilikuja kuchukua kilicho chake kabla hata wageni wa msiba hawajaisha mlangoni. Aliyekuja kuchukua alikuwa mwenyekiti wa chama, na mwenyekiti wa chama, kama hujabahatisha bado, ni huyuhuyu shemeji aliyekunja nne.

"Kazi nayo ninayo," alijibu Mama Sweta. "Nanunua jicho langu."

"Jicho gani?"

"Pana. La kukuza kidogo na kuonyesha kwingi. La bei ninayoiweza."

Shemeji akatabasamu lile tabasamu la mtu anayejua. Na tumpe haki yake, alikuwa anajua kweli. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa vipimo maisha yake yote, na mambo ya vioo na mwanga aliyasoma akayaelewa. Akaweka kikombe chini, akaeleza taratibu kama anayeongea na mgonjwa. Jicho la kukuza kidogo, alisema, linatoa mwanga mnene. Mwanga unatoka pale mithili ya ufito, na ufito huo lazima uingie kwenye mboni, kile kitundu cheusi katikati ya jicho la mtu. Kijana akiwa gizani, mboni yake inafunguka milimita saba. Mtu aliyeshavuka hamsini, tano, basi. Ufito ukiwa mnene kuliko kitundu, unaozidi unagonga nje na kupotea.

"Kwa darubini hii, jicho pana la bei nafuu litakutolea ufito wa milimita sita," alisema. "Karibu theluthi ya mwanga utaimwaga. Kaka ahangaike na kioo kile miaka yote, halafu wewe uje umwage theluthi? Tufanye hivi, shemeji. Hii ninaichukua, chamani wapo wenye macho mapya. Wewe nakupa ile yangu ndefu, pamoja na jicho lake kali. Utazame mwezi. Mwezi unakutosha."

Hapo ndipo palipokuwa pabaya.

Mama Sweta alikuwa amepimiwa vya kumtosha tangu alipoolewa. Marehemu alikuwa mume mwema, hapo hakuna wa kubisha, lakini kwenye darubini alikuwa mchoyo asiyejijua. Yeye ndiye aliyetazama. Mke aliitwa mwishoni: njoo uone, haraka, inatoka. Kwenye jicho la kukuza sana kila kitu kinakimbia, kwa sababu dunia inazunguka na kidirisha ni kidogo. Mama Sweta alifika na mikono yenye sabuni, akainama, akakuta nyota imekwisha teleza nje, na mume anamwambia kesho. Alizikusanya hizo kesho mpaka zikamwishia. Sasa mume hayupo, darubini ipo, na huyu anakuja kumwambia mwezi unamtosha. Alisikia hasira ikimpanda kuanzia miguuni.

"Nani amepima mboni yangu?" aliuliza.

"Haihitaji kupimwa. Ni umri."

"Umri wangu unaujua. Mboni yangu huijui. Mimi naokota kifundo kilichodondoka kwenye sweta jeusi, jioni, taa haijawashwa. Wewe viatu vyako huvioni mpaka utafutiwe miwani."

Hapo, kusema kweli, Mama Sweta alikuwa anachanganya mambo. Kuokota kifundo gizani ni mazoea ya vidole, hakuhusiani na upana wa mboni. Lakini hasira ikishapanda, nani anasimama kuchambua?

Shemeji akacheka. Utani wa shemeji haukumkera, ameuzoea. "Sawa. Jumamosi chama kinakutana uwanjani pa shule. Njoo na darubini, tupime mbele ya watu. Mboni yako ikifika sita, sitafungua mdomo tena. Isipofika, naondoka nayo."

"Nitakuja," alisema Mama Sweta. "Na nitapima."

Binti yake muuguzi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, alisikia kila neno. Baba yake mdogo alipoondoka, akaja kuketi kando ya mama yake.

"Mama, mwachie tu baba mdogo. Kweli tugombane kwa ajili ya bomba? Na hata hospitali tunajua, mboni za watu wazima zinasinyaa."

"Wewe nenda kazini ukawasinyaze wagonjwa wako," alisema mama yake. "Mimi niache nifume."

Duka la Fundi Miwani lilikuwa na upana wa kitanda. Akiingia mteja mmoja, mwingine inabidi atoke. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Mchana kutwa alisugua lenzi kwenye gurudumu lenye maji, na chini ya meza aliweka kasha la majicho yaliyotumika, ambayo wanachama walimwachia amuuzie atakayeyataka.

"Salamu zako zimetangulia," alisema kabla Mama Sweta hajakaa. "Mwenyekiti amepita hapa asubuhi. Kasema kama ni lazima ununue, nikuuzie la namba ishirini, mengine nisikuonyeshe."

"Na wewe siku hizi umekuwa tarishi wake?"

"Mimi nauza. Kaa."

Akatoa majicho matatu, akayaweka juu ya kitambaa. Kila moja lilikuwa na namba ubavuni, na kwenye majicho, namba inavyopanda ndivyo kukuza kunavyopungua. Basi Mama Sweta, kama mtu yeyote mwenye akili zake, akapeleka mkono moja kwa moja kwenye namba kubwa kuliko zote, arobaini.

"Nilijua," alisema Fundi Miwani. "Kila anayekuja anakamata hilo. Lielekeze dirishani."

Mama Sweta akaliweka usoni. Akaona kiduara cha mwanga kimekaa mbali, kimezungukwa na weusi mtupu, kana kwamba anachungulia kwenye tundu la kitasa.

"Shingo yake nyembamba," alieleza Fundi, akimgusisha kile chuma kinachochomekwa kwenye darubini. "Anga haliwezi kupita kuzidi upana wa shingo. Kwa shingo hii, ukishafika thelathini na mbili umefika mwisho wa njia. La arobaini halikuongezei anga hata chembe, linakupa lilelile, dogo zaidi. Linauzwa kwa namba tu."

Mama Sweta akalirudisha kwenye kitambaa kama limemng'ata. Akachukua lile la ishirini, alilochaguliwa na shemeji. Lilikuwa safi, halina mkwaruzo, na duara lake lilionekana wazi mpaka ukingoni.

"Hilo ni zuri, sitakudanganya," alisema Fundi. "Kwenye darubini yako nyota zitakuwa nukta safi kila mahali. Ufito wake ni milimita nne, kwa hiyo hata mboni ya bibi yangu ingeumeza wote. Ila Kilimia, kile kishada cha nyota, hakitakaa humo vizuri. Zile nyota zake kubwa zitabanana mpaka ukutani, na lile giza la kuzizunguka hutaliona."

"Sasa mzazi akija dukani nikamwonyesha kifua peke yake, bila mikono wala pindo, nimemwonyesha sweta?"

"Mimi sweta sizijui. Nauza vioo."

La tatu lilikuwa kubwa kama gilasi ya maji, zito, halina jina la kiwanda, na mpira wake wa juu umepasuka upande mmoja. Namba yake thelathini. Shingo yake nene, saizi ya lile tundu alilolitoboa marehemu. Mama Sweta akalielekeza dirishani. Duara lilikuwa pana kiasi kwamba ilibidi azungushe jicho lake kutafuta ukingo uko wapi. Hakuwa ametazama nyota hata moja, lakini kifua kilimjaa furaha ya waziwazi, akaogopa Fundi asije akaiona akapandisha bei.

"Usifurahi bado, kuna ubaya wake," alisema Fundi, ambaye alikwisha iona. "Darubini fupi inayatesa majicho ya bei nafuu. Katikati nyota zitakuwa safi. Ukisogea pembeni zitaota mikia, kama viluwiluwi. Yapo mapana yasiyo na mikia, lakini kwa hayo utauza mashine yako ya kufumia na nyumba iliyoifunika. Huku kwenye kasha langu hakuna lisilo na ubaya. Unachagua ubaya unaoweza kukaa nao."

"Mikia naiweza. Na ufito?"

"Sita. Hapo mwenyekiti kasema kweli tupu."

"Na hiyo mboni inapimwaje?"

"Kwa kitu chembamba unachojua unene wake. Unakaa gizani mpaka macho yazoee. Unafumba jicho moja, unakisimamisha kile kitu karibu kabisa na jicho lililobaki, unatazama nyota kali. Kikiwa chembamba kuliko mboni, nyota itachungulia kushoto na kulia kwa pamoja. Kikiwa kinene kuliko mboni, nyota inazimika yote. Wanaume pale chamani wanatumia ncha za drili."

Mama Sweta akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Sindano za kufumia alikuwa nazo za kila unene, na kila moja milimita zake zimechongwa kichwani.

"Nifungie la thelathini," alisema.

"Si usubiri Jumamosi upime kwanza? Ukilichukua, mimi silirudishi."

"Nimesema nifungie."

Jumamosi jua lilipozama, uwanja wa shule ulikuwa tayari na darubini za kila umbo, na mlinzi alikuwa amewazimia taa za nje. Shemeji alifika na pikapu. Nyuma ya ile pikapu alikuwa ametandika godoro, jipya, na kamba mbili za kufungia. Mama Sweta akalitazama lile godoro. Mtu amekuja na matandiko kabisa, kama anayemfuata mgonjwa aliyekwisha ruhusiwa. Yeye na binti yake wakaishusha darubini kutoka kwenye mkokoteni waliokodi, wakaiweka chini, wakaisawazisha.

Walipomaliza, binti akamfunika mama yake kichwa kwa khanga ili macho yazoee giza. Mama Sweta akakaa humo ndani ya khanga kwenye kigoda, sindano zake mapajani, akisikiliza watu wakisogea mmoja mmoja. Mambo ya namna hii watu hawayakosi. Wengine walikuwa wameacha darubini zao zinaangalia mbingu peke yake.

"Haya, shemeji," ilisema sauti ya mwenyekiti. "Giza limetosha."

Akafunua khanga. Juu ya paa la madarasa kulikuwa na nyota moja kali, nyeupe, haina mwenzake upande ule. Akafumba jicho la kushoto. Akachukua sindano namba saba, kwa majivuno tu, akaisimamisha mbele ya jicho la kulia. Nyota ikazimika.

Haidhuru, saba ilikuwa mbwembwe. Akachukua sita.

Nyota ikazimika.

Akaishusha, akapangusa jicho, akairudisha. Akaisogeza unywele mmoja kushoto, nyota ikachomoza kulia. Akaisogeza kulia, ikachomoza kushoto. Akaiweka katikati, na nyota ikafa tena, yote. Alibadili jicho. Ikawa vilevile. Akachukua namba tano, na papo hapo nyota ikachungulia pande zote mbili za sindano, kushoto na kulia, waziwazi, kama watoto wawili nyuma ya nguzo.

Aliona aibu, halafu akaona hasira kwa kuona aibu. Macho aliyoyasifia sebuleni yalikuwa macho ya umri wake, si zaidi.

Lakini kipimo hiki kina jambo lake. Anayeona nyota ikizimika ni mwenye jicho peke yake. Watu wote wale waliomzunguka waliona mwanamke ameshika sindano, basi. Binti yake, aliyekuwa ameinama kumpokea zile zilizokwisha tumika, aliona ni ipi iliyobaki mkononi. Akamsogelea sikioni.

"Sema sita," alinong'ona.

Mama Sweta akamgeukia. Huyu ndiye aliyesema wasigombane kwa ajili ya bomba. Gizani hakuuona uso wake vizuri, lakini mkono wake ulikuwa umemshika bega, na haukuwa mkono wa mtu anayetaka bomba liondoke. Mama Sweta alifurahi mno. Nusura aseme.

Neno lilikuwa jepesi. Sita. Angelisema, shemeji angefunga mdomo, godoro lingerudi lilikotoka, na wote wangekwenda kutazama nyota. Ila alipokuwa analipeleka ulimini akaona lina harufu. Akisema sita, ina maana amekubali kwamba darubini iliyo sebuleni kwake ni ya kupewa kwa kipimo. Ina maana mwakani mboni ikisinyaa zaidi wanarudi na godoro. Angekuwa amedanganya ili apewe kitu ambacho ni chake. Na yeye hakuja kuomba.

"Tano," alisema, kwa sauti ya kusikika na uwanja mzima.

Watu wakaguna. Shemeji akashusha pumzi, na alipozungumza hakuwa na kejeli hata kidogo, jambo ambalo lilimuudhi Mama Sweta kuliko kejeli. "Si nilikwambia, shemeji. Si kosa lako. Ni umri, sote tunakwenda hukohuko." Akawageukia waliokuwa karibu. "Nisaidieni kuipakia. Taratibu, kioo kiko chini."

"Asiiguse mtu."

Hakupaza sauti. Waliokuwa wameinama wakainuka.

"Nilikwambia nitakuja, nimekuja," alisema Mama Sweta. "Nilikwambia nitapima, nimepima, na jibu lako nimekupa bila kulipunguza. Wapi nilikwambia nitakupa darubini?"

"Tulikubaliana."

"Ulikubaliana na kikombe cha chai. Mimi nilisema maneno mawili tu, na binti yangu alikuwa mlangoni."

"Ni kweli, baba mdogo," alisema binti. "Mama hakusema atakupa."

Mpima ardhi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Shemeji, tuache ubishi wa maneno. Chama kizima kimesikia tano. Ufito ni sita. Theluthi ya mwanga wa kioo cha kaka yangu utaimwaga chini, kila siku, na unalijua hilo. Utaimwaga kweli?"

"Nitaimwaga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni yangu. Theluthi mbili zitakazobaki zinanitosha, na safari hii kipimo cha kunitosha nimekitoa mwenyewe. Ungenipa lile la ishirini nisimwage kitu, nikaona nyota zimebanwa ukutani. Mimi nataka Kilimia kizima na giza lake. Nataka nikitazame kikae, nisikikimbilie. Kaka yako alinihimiza miaka yote, Mungu amrehemu, na nilimpenda, na nilichoka. Nimechoka kuambiwa inatoka."

Mzee mmoja wa chama akasema kwa upole kwamba hata hivyo mwanga unaopotea ni mwingi, angefikiria la ishirini na tano. Fundi Miwani, aliyekuwa amesimama nyuma ya wengine, akamwambia la ishirini na tano halimo kwenye kasha. Shemeji akasema hoja si hiyo, hoja ni masharti, na chama kilisikia masharti.

"Chama kimesikia namba," alisema Fundi Miwani. "Masharti ulikuja nayo wewe, kama godoro."

Wako waliocheka. Wako ambao hawakucheka, na wawili watatu walikwisha rudi kwenye darubini zao, maana ugomvi wa kifamilia una kinyaa chake. Mama Sweta hakungoja kura. Akatoa lile jicho kubwa kwenye mfuko wa nyuzi, akalichomeka kwenye tundu la marehemu, likaingia kwa mlio mdogo wa chuma na kukaa. Akasogeza kigoda. Akalizungusha kasha, akalilenga bomba pale juu kwenye kile kishada cha nyota ambacho hata mtoto anakijua, akainama.

Mwanzo ilikuwa ukungu. Akazungusha kirekebisho kidogo, akarudisha kidogo, na Kilimia kikaingia. Chote. Nyota kubwa za bluu katikati, wadogo zao wamewazunguka, kile kimstari cha nyota ndogondogo kimeshuka upande mmoja, na nje yao giza pande zote, tele, la bure. Huko pembeni nyota zilikuwa na mikia, kama alivyoambiwa. Alikisubiri Kilimia kitoke. Hakikutoka. Kilisogea polepole sana, na uwanja ulikuwa mkubwa, akaona ana muda wa kutosha kuhesabu na kusahau na kuhesabu upya. Machozi yakamjia, akayaacha.

"Si unaona pembeni?" ilisema sauti ya shemeji juu ya kichwa chake. "Zimeharibika zote."

"Naona."

"Na hazikukeri?"

"Sweta za watoto wangapi zimepinda pindo, na wanapata joto vizuri tu."

Shemeji akapiga moyo konde, akainama na kuliwekea bomba mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, namna mtu anavyoshika kitu anachokusudia kukibeba. "Shemeji, nakuomba usimame. Tusiaibishane mbele za watu."

Mama Sweta hakusimama. Aliuzungusha mkono wake wa kushoto kwenye lile bomba, akalikumbatia kwapani, uso wake ukiwa palepale kwenye jicho.

"Inua," alisema. "Ila utatuinua wote wawili, na mimi nina uzito."

Hakuna aliyecheka safari hii. Shemeji alikuwa mtu mzima, mwenyekiti, ameinama gizani amekumbatia upande mmoja wa bomba, na mke wa kaka yake amekumbatia upande wa pili, na hakuna kipimo chochote alichokijua cha kumtoa pale. Mikono yake ilitetemeka juu ya mbao. Ndani ya jicho pana, nyota zote za Kilimia zikaanza kurukaruka.

"Mikono yako inatikisa nyota zangu," alisema Mama Sweta. "Itoe."

Shemeji akabaki hivyo kidogo. Kisha akaitoa mikono, mmoja, halafu wa pili, akajinyoosha. Nyota zikatulia.